Mjomba, wenzangu nawasikiliza vizuri, zamu yangu ikifika naishia kwenye bei ya viazi

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwanaume wa miaka 43, nina mke na watoto watatu, tunaishi Uyole hapa Mbeya. Kazi yangu ni viazi. Nanunua kwa wakulima wa Isyonje na Kikondo, napakia, mzigo unakwenda Dar. Kuongea si shida yangu, maana dalali asiyejua kuongea atalala njaa. Kuna kuongea kwa aina nyingine ndiko kulikonishinda.

Tangu mwaka jana nimo kwenye kikundi cha wanaume cha kusikilizana. Kilianzishwa na mwalimu mmoja mstaafu aliyepata mafunzo ya njia ya Marshall Rosenberg, yule mwanasaikolojia wa Marekani aliyefundisha watu kuzungumza na kusikilizana bila kuumizana. Tunakutana Jumamosi jioni katika darasa la chekechea la kanisa, tumekalia vile viti vidogo vya watoto, magoti karibu na kidevu. Tunagawana watatu watatu. Mmoja anazungumza dakika kumi, wa pili anamsikiliza, wa tatu anatunza muda na kuangalia kama msikilizaji amechepuka. Ushauri hauruhusiwi. "Hayo madogo, mimi yalinikuta haya" hairuhusiwi. Kumwambia mtu "jikaze, yatapita" nako hakuruhusiwi. Kazi ya msikilizaji ni kutafuta mwenzake anahisi nini na anahitaji nini, kisha amuulize kama amemwelewa.

Mwanzoni nilijua nitashindwa, maana mtu akianza tu kueleza shida yake mimi nimeshapata jibu. Ajabu ni kwamba hilo nimeliweza. Kuna mwenzetu aliunguliwa shamba la miti ya mbao. Alizungumza, nikakaa kimya mpaka mwisho, nikamuuliza kama kinachomuuma ni zile fedha au ni ile miaka aliyoingojea miti ikue. Akanyamaza muda mrefu, akasema ni miaka. Tangu hapo wengi wanataka niwe mimi wa kuwasikiliza.

Shida ni zamu yangu. Njiani nakuwa nimejiandaa, najua kabisa nitasema nini. Nikikaa, mdomo unafunguka wenyewe: bei imeshuka, madereva wananizungusha, wanunuzi bado wanataka lumbesa wakati serikali imekataza. Dakika kumi zinaisha. Siku moja mwenzangu aliniambia kwa upole, "Naona kama umebeba kitu kizito, unahitaji kupumzika?" Mjomba, nilikasirika. Nilijisikia kama amenivua nguo mbele za watu. Nikacheka, nikasema mzee anaumwa kidogo nyumbani, tunamshukuru Mungu.

Anaumwa kidogo! Baba yangu alipata kiharusi mwaka juzi. Upande wa kulia umepooza, na maneno yote yamepotea, limebaki moja tu analolitumia kwa kila kitu: "basi". Akitaka maji ni basi, akichoka ni basi, akiona mjukuu ni basi. Mama alishafariki. Mke wangu ni mkwe, na kwetu Wanyakyusa unajua mkwe wa kike na baba mkwe wanavyoheshimiana, zamani hata njiani walipishana. Anapika, anafua, lakini chumbani kwa mzee naingia mimi. Kwa hiyo kila alfajiri kabla ya kwenda mzigoni nachemsha maji, namwogesha. Naanza na uso. Ule mkono uliopooza vidole vimejikunja, inabidi niufungue kidole kimoja kimoja ndipo nisafishe kiganja. Mkono huo ndio ulionichapa utoto wangu wote. Nikimwosha analia. Sijui ni maumivu, sijui ni aibu. Namkausha, namvika, natoka, nashika simu naulizia bei ya gunia Dar.

Huyu mzee hajawahi kuniambia hata siku moja kwamba nimefanya vizuri. Nilipojenga nyumba alikuja, akatazama kenchi, akauliza fundi ni nani, akaondoka. Sasa hataweza kusema tena. Asubuhi nyingine ninapomwosha nina hasira mpaka mikono inatetemeka, na asubuhi hiyo hiyo namwonea uchungu. Hili ndilo ninalotaka kulisema kila Jumamosi na silisemi.

Nyumbani nako kumeharibika. Nimejaribu kumsikiliza mke wangu kama tunavyofundishwa. Akisema amechoka, namuuliza, "Unahisi uchovu kwa sababu unahitaji msaada?" Juzi alinijibu, "Acha kunirudishia maneno kama kasuku. Huko kikundini unawapa watu moyo wako, hapa unaniletea somo."

Jambo la mwisho linaninyima usingizi. Jumamosi iliyopita mwenzetu mmoja alisema haoni sababu ya kuamka asubuhi. Msikilizaji wake akamuuliza kama amekata tamaa na anahitaji matumaini. Akasema ndiyo. Muda ukaisha, tukafunga kwa sala, kila mtu akaenda kwake. Mimi naona tulikosea lakini sijui tulitakiwa kufanya nini.

Shemeji yangu anakiita kikundi chetu umoja wa wajane. Nifikirie kuacha?

Mtoto wa Mzee, Uyole

*

Marahaba mpwa wangu, na pole sana kwa kuuguza.

Naanza na mwenzenu, kwa kuwa yako yanaweza kungoja mpaka Jumamosi na yake hayawezi. Ukimaliza kusoma hapa mpigie simu, au nenda kwake. Mchukue na mwenzako mmoja. Muulizeni kwa maneno ya wazi kabisa: "Unafikiria kujiua?" Watu wengi wanaogopa kwamba kuuliza hivyo ni kumtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Watafiti wamelichunguza hilo kwa miaka mingi na hawakukuta kuwa kuuliza kunasababisha. Aghalabu mtu huona afadhali kwamba kuna aliyethubutu kulitaja. Akikubali, au akizungukazunguka bila kukataa, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Dawa za shambani na kitu chochote anachoweza kujidhuru nacho kiondolewe, kitunzwe na mtu mwingine. Kisha mpelekeni hospitali nyinyi wenyewe, msimpe tu maelekezo ya njia. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina wataalamu wa afya ya akili, na mkifika dirishani semeni moja kwa moja kilichowaleta.

Kuna kitu kinachowafunga wanaume midomo katika jambo hili: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa ni kosa. Ni sheria ambayo ningependa kuona imefutwa, kwa sababu mtu aliyefika hapo anahitaji daktari, hahitaji polisi. Lakini kuwaza si kosa na kuomba msaada si kosa, mwambieni hivyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walikufa kwa kujiua duniani, na wanaume hufa hivyo kwa kiwango kinachozidi mara mbili ya wanawake.

Hisia yako kwamba mlikosea ni sahihi. Kanuni ya kutotoa ushauri imewekwa ili mtu asizibwe mdomo, haikuwekwa ili mtu aachwe aende zake na neno kama lile. Mwambie mwalimu wenu aweke hilo mwanzoni mwa kila kikao: likitajwa suala la kifo, saa inawekwa kando, na hakuna kuondoka mpaka ijulikane nani analala wapi na nani anaongozana na nani.

Sasa wewe.

Nimeisoma barua yako nikaona umejijibu bila kujua. Umesema yule mwenzako alipokugusa kwa maneno ulijisikia umevuliwa nguo. Na alfajiri ya siku ile ile, kabla hujafika kwenye kile kiti cha chekechea, wewe ulikuwa unamvua nguo baba yako. Mwanaume uliyemwogopa maisha yako yote unamwona kila siku akiwa hana uwezo wa kukataa mkono wa mtu, hana neno la kujitetea, anaoshwa na analia. Unaijua hali ya kuhudumiwa kwa karibu kuliko mtu yeyote kikundini. Ndiyo maana kiti cha msikilizaji unakipenda: pale wewe ndiye unayetoa, nguvu ziko kwako. Kiti cha kusikilizwa kinakuweka alipo mzee. Unakikimbia, na bei ya viazi iko karibu siku zote kukupokea.

Sikulaumu. Ila nataka ujue kwamba kushindwa huku hakutokani na ugumu wa moyo. Mtu mwenye moyo mgumu hafungui vidole vya mgonjwa kimoja kimoja.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Usiache kikundi. Punguza tu ukubwa wa unachokibeba kwenda nacho. Nadhani njiani unajiandaa kusimulia habari nzima: utoto, viboko, nyumba, kenchi, kiharusi. Hiyo ni mizigo ya miaka 40, haiwezi kupita kwenye dakika kumi, na koo linajua hivyo, linafunga. Jumamosi ijayo nenda na asubuhi moja tu. "Leo nimemwogesha baba." Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza, na isemwe kabla hujatulia kwenye kiti, kabla hujasalimia vizuri, maana ukishaanza na habari za mzigo umekwisha. Baada ya hapo eleza ulichofanya na ulichoona. Maji yalikuwa ya moto kiasi gani. Ulianza wapi. Kiganja kilikuwaje. Usieleze maana yake, usimtetee mzee wala usimshitaki. Rosenberg aliweka hatua nne, na ya kwanza ni hii hii, kusema kilichoonekana bila kukihukumu. Wengi huiruka wakidhani ni nyepesi. Kwako wewe inaweza kuwa kazi ya Jumamosi tatu nne, na hakuna ubaya.

Hatua ya pili ni hisia, na hapo wanaume wengi hukwama, kwa hiyo ingia kupitia mwilini. Umeniandikia kwamba mikono inatetemeka. Sema hivyo. Kama koo limekaza, sema koo limekaza. Kama kifua kimebana, sema. Hakuna anayehitaji uchambuzi mwingine kutoka kwako. Ila jihadhari na kitu kimoja ambacho Rosenberg alikisisitiza sana: kuna mawazo yanayojifanya hisia. "Nahisi baba alinidharau" ni hukumu juu ya baba, na ukiisema hivyo wenzako watajikuta wanamjadili mzee, alikudharau au hakukudharau. "Nina hasira, na nina uchungu" ni yako, hakuna wa kubishana nayo.

Hatua ya tatu ni hitaji. Kwako naona limejitokeza lenyewe pale kwenye kenchi. Ulikuwa unahitaji baba yako aseme ameridhika na wewe. Unalihitaji mpaka leo, ukiwa na miaka 43, una nyumba na familia. Litamke kikundini jinsi lilivyo. Linaweza kukutoa machozi, na ukilia hakuna wa kukukimbilia na kitambaa kama mnazifuata kanuni zenu. Wataketi na wewe. Machozi ya mtu anayesikilizwa huisha yenyewe, huna haja ya kuyakatiza kwa kicheko kama ulivyofanya siku ile.

Hatua ya nne ni ombi, na hili halisubiri mwisho, litangulize. Kabla ya kuanza, mwambie msikilizaji unachotaka: "Leo sitaki uniambie nahisi nini. Nisikilize tu, nikimaliza unirudishie sentensi moja uliyoisikia." Una haki hiyo. Yule aliyekuuliza kama unahitaji kupumzika alikuwa na nia njema, lakini alitangulia mbele yako. Wewe ulikuwa bado uko kwenye viazi, yeye ameshafika chumbani kwa mzee. Kuchagua namna unavyotaka kusikilizwa ndiko kunakoondoa ile hali ya kuvuliwa nguo, kwa sababu sasa vifungo unavifungua mwenyewe. Na ukiona imetosha dakika ya nne, sema imetosha. Baba yako ana neno la kusimamisha jambo, na wewe uwe nalo.

Kuhusu ile hasira. Rosenberg alizaliwa mwaka 1934, na akiwa mtoto familia yao ilihamia Detroit, ambako mwaka 1943 yalitokea machafuko ya rangi yaliyoua watu 34. Wao walijifungia ndani. Alisema maisha yake yote yaliongozwa na swali lililozaliwa siku zile: kwa nini watu wengine hufurahia kuumiza, na wengine, katika mazingira yale yale, hufurahia kuhudumia. Mfano wake wa hao wa pili ulikuwa mjomba wake. Bibi yake Rosenberg alikuwa amepooza mwili mzima, na huyo mjomba alikuja kila jioni kusaidia kumsafisha na kumlisha, na muda wote huo uso wake ulikuwa na tabasamu zuri ambalo yule mtoto hakulisahau.

Nakusimulia kwa sababu ni kisa cha kazi yako ya kila alfajiri, na pia kwa sababu nahofia mtu atakusimulia kikundini ili ukiige. Usiige tabasamu la mtu. Yule mjomba alikuwa na historia yake na yule mama. Wewe una yako na baba yako. Mtu anaweza kuosha vizuri huku ana hasira. Kinachochosha ni kuificha kila siku, kwa hiyo itafutie mahali pengine pa kukaa nje ya chumba kile, na mahali hapo unapo, Jumamosi jioni. Ikishasikiwa na watu wawili watatu, nadhani utaona mikono imeanza kutulia alfajiri. Sikuahidi tabasamu.

Na yale machozi ya mzee. Baada ya kiharusi wagonjwa wengine hulia, au hucheka, bila kuweza kujizuia, kwa sababu ubongo ulioumia umepoteza breki za hisia. Machozi yanaweza kumtoka kwa jambo dogo tu, hata kwa kuguswa. Kwa hiyo usichukulie kwamba kila chozi ni aibu au ni lawama kwako. Inawezekana vilevile kwamba ule mkono uliojikunja unauma unapofunguliwa, na hilo lina msaada: muulize daktari wa mazoezi ya viungo akuonyeshe namna ya kuulegeza kuanzia kiwiko, polepole, maji yakiwa ya uvuguvugu. Tena ujue kwamba mtu aliyepoteza maneno kwa kiharusi mara nyingi bado anaelewa mengi kuliko anavyoweza kusema. Hilo neno "basi" ndilo pekee lililombakia, lakini masikio yake huenda yako hai. Zungumza naye unapomwosha, kwa sentensi fupi, umwambie unachofanya kabla hujakifanya: sasa naosha mgongo, sasa nakugeuza. Mpe maswali ya kujibu kwa kichwa au kwa kukubana mkono wa kushoto. Siku utakayokuwa tayari, unaweza kumwambia na lile jingine pia, kwamba ulitaka aisifu nyumba. Usilifanye kuwa shitaka. Mwambie tu, kisha endelea kumkausha. Sijui ataitikaje na wewe hutajua kwa hakika, lakini litakuwa limefika masikioni mwa aliyepaswa kulisikia.

Nije kwa mke wako, ambaye kwa maoni yangu amesema neno la maana kuliko sote. Carl Rogers, mwanasaikolojia aliyemfundisha Rosenberg mengi kuhusu kusikiliza, yalimpata haya haya. Alifundisha wataalamu kumwelewa mtu kutoka ndani ya mtu mwenyewe, wao wakaokota kilicho chepesi, kurudia maneno ya mgonjwa. Mwaka 1975 aliandika kwamba alishtushwa sana na upotoshaji huo hata akakaa miaka kadhaa bila kusema lolote kuhusu jambo hilo. Baadaye alieleza kwamba yeye anaporudisha maneno huwa hatendi mbinu, huwa anapima kama ameelewa. Tofauti hiyo mtu huisikia mara moja. Anayepima hajui jibu, anauliza kwa sababu anataka kujua. Wewe ulipomuuliza mkeo kama anahitaji msaada, ulikuwa unajua jibu. Ndoo ziko pale, nguo za mzee ziko pale. Alihitaji uinuke.

Kwa hiyo nyumbani weka sentensi za kikundini pembeni kabisa kwa sasa. Akisema amechoka, muulize swali moja la kawaida: "Nikusikilize, au kuna kitu nishike?" Akisema shika, shika. Akitaka kusikilizwa, kaa, zima simu, na usimrudishie kitu. Lakini nadhani kuna jambo kubwa zaidi katika malalamiko yake. Amesema huko unatoa moyo na yeye unampa somo. Huyu mama anapika chakula kinachoingia chumba asichoweza kuingia yeye, anakuona unatoka humo alfajiri uso umefungwa, halafu unaanza kuzungumza na simu. Anakaa nyumba moja na huzuni asiyoruhusiwa kuiona. Anataka umwambie. Usimfanyie zoezi, mweleze ulivyonieleza mimi, ile aya ya kiganja, kama ilivyo. Kama kumwambia uso kwa uso ni kugumu, mpe barua hii aisome, halafu usiondoke ndani anapoisoma.

Ndugu zako hukuwataja popote, na sijui kama ni kwa sababu huna au kwa sababu umeamua kubeba peke yako. Kama wapo, wa kiume hasa, mzee ni wao pia. Itisha kikao cha familia, usisubiri msiba uwakutanishe. Usiende kulalamika. Nenda na ombi linaloweza kutekelezwa: fulani achukue Jumapili na Jumatano alfajiri, aliyeko mbali alipie kijana wa kiume wa kusaidia kumgeuza mchana, maana mgonjwa wa kulala anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi asipate vidonda. Wakikataa, watakuwa wamekataa kitu kinachojulikana.

Shemeji yako nampitia haraka. Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa na vijiji vya rika. Vijana wa kiume waliondoka kwa baba zao wakiwa wadogo tu, wakajenga vibanda vyao pamoja, wakakua, wakaoa, wakazeeka kama majirani wa rika moja. Mtafiti Monica Wilson, aliyeishi huko na mumewe miaka ya 1930, aliandika jinsi wazee walivyothamini kukaa pamoja na kuzungumza, hata mtu aliyejitenga na wenzake alitiliwa shaka. Wanaume kukaa na kuambiana mambo hakukuletwa na Mmarekani. Najua hawakuketi kuambiana kuhusu baba zao waliowaogopa, hicho ndicho kigeni, na kigeni huchekwa. Mwache acheke. Ila usimtajie hata neno moja linalosemwa na wenzako mle ndani, hata kwa kumjibu, hata likiwa la kumnyamazisha. Uyole si kubwa, na kikundi chenu kitaishi kwa muda ule tu ambao siri za mle zitabaki mle.

Mwenzenu, sasa. Simu.

Mjomba